Alinisema au aliniambia? Kamusi inapokupa neno moja kwa manne

Swali: Mwalimu, shikamoo. Najifunza Kiingereza peke yangu, kwa kamusi na mazoezi ya kuandika, na rafiki yangu anayekijua vizuri hunisahihishia. Wiki hii amenirudishia sentensi nne zimepigwa mistari myekundu: "He said me to wait", "Please borrow me your pen", "Remember me to call her" na "I made my homework". Nimerudi kwenye kamusi, kila neno nililotumia lipo, na maana yake ni ileile niliyoikusudia. Kwa kamusi hii "say" ni kusema, "tell" ni kusema, "speak" ni kusema, "talk" pia ni kusema. "Borrow" ni kuazima, na "lend" ni kuazima. Sasa nitajuaje lipi ni lipi? Au nibadilishe kamusi?

Jibu: Marahaba. Kamusi yako haijakudanganya, ila imekupa nusu ya habari. Imekupa kitenzi cha Kiswahili kikiwa kitupu, bila mkia, na Kiswahili mambo yake mengi huyaweka mkiani. Mkia huo wewe unaujua tangu hujaanza shule. Hukuutumia tu kwa sababu ulikuwa unatafsiri neno badala ya kutafsiri ulichotaka kusema. Sentensi zako tatu za kwanza zingejisahihisha zenyewe kama ungeanza na Kiswahili kizima, chenye viambishi vyake vyote. Ya nne ni ya ukoo mwingine, tutaifikia.

Chukua ya kwanza. Ulitaka kusema "aliniambia nisubiri". Hukutaka kusema "alinisema nisubiri". Ungesema hivyo, aliye mbele yako angebaki anangoja kusikia umesemwa kwa kosa gani, maana kumsema mtu ni kumgombeza, au kumteta akiwa hayupo. Kitenzi "sema" kinataka maneno, hakitaki mtu. Ukikibandika mtu, kinageuka maana. "Ambia" ni kinyume chake, hakiendi bila mtu. Jaribu kusema "jana aliambia kwamba atachelewa" uone kama hutaulizwa alimwambia nani.

Sasa weka "say" mahali pa sema, na "tell" mahali pa ambia. "She said she was tired" ni alisema amechoka. "She told me she was tired" ni aliniambia amechoka. "She told that she was tired" imevunjika mahali palepale inapovunjika "aliambia kwamba", na "she said me" imevunjika palepale inapovunjika "alinisema". Ukitaka lazima umtaje mtu baada ya "say", mpitishie kwenye "to": "she said to me". Hapo hukuwa na haja ya kanuni ya Kiingereza hata moja. Ulikuwa nayo tayari, kwenye ulimi.

Kidogo nitoke nje ya njia, kwa sababu hapa pananifurahisha. "Ambia" chenyewe ni kauli ya kutendea ya kitenzi cha zamani, "amba", kilichokuwa na maana ya kusema. Leo hakitembei peke yake. Kimebaki kwenye "kwamba" na kwenye "ambaye". Mkia ule wa -ia ndio uliomwingiza mtu ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo kazi ileile kinampa neno jingine kabisa. Nawe ukifungua kamusi unayakuta maneno mawili yasiyofanana hata herufi, unadhani ni vitu viwili vigeni, kumbe ni shina na shina lenye mkia.

Kuna sehemu chache ambapo "tell" huenda bila mtu: "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell the time", "tell the difference". Hizi zikariri kama zilivyo, hazizidi vidole vya mikono miwili. Lakini zina historia. Zamani "tell" ilikuwa na maana ya kuhesabu. Ndiyo maana karani wa benki anayehesabu fedha dirishani huitwa "teller", jumla ya vitu ikishapatikana husemwa "all told", na kisichohesabika ni "untold". Wajerumani hadi leo wana "zählen" ya kuhesabu na "erzählen" ya kusimulia, ndugu wa damu. Msimulizi ni mtu anayehesabu mambo, moja baada ya jingine, bila kuruka.

"Speak" na "talk" hazina ugomvi mkubwa. "Talk" ni kuongea, maneno yanakwenda na kurudi kati ya watu. "Speak" yaweza kuwa ya upande mmoja na ina adabu zaidi kidogo: anayehutubia "speaks", na kwenye simu utaomba "may I speak to" fulani. Lugha nayo ni "speak" daima. "I talk English" hakuna. Mara nyingi ukikosea kati ya hizi mbili hakuna atakayekukamata.

Twende kwenye kalamu. Hapa sikulaumu, kwa sababu hapa Kiswahili chenyewe ndicho kilichokutega. "Azima" ni kitenzi chenye milango miwili: nimeazima kalamu, mimi ndiye niliyepokea, niazime kalamu, wewe ndiye unayetoa. Neno moja, pande mbili, na sisi hatuchanganyikiwi kwa sababu viambishi vinaonyesha nani yuko wapi. Wala si sisi peke yetu. Wajerumani wana "leihen" inayofanya kazi zote mbili hizo. Wafaransa wana "apprendre", kujifunza na kufundisha humohumo, na Waholanzi vivyo hivyo na "leren" yao. Kila lugha ina milango yake iliyoachwa wazi, na mwanafunzi hujigonga hasa mahali ambapo kwao pana uwazi na kwa wenzao pana ukuta.

Mimi mwenyewe nilijigonga hapo. Nikiwa kijana nilimwendea mwalimu mmoja Mwingereza, nikanyosha kidole kwenye kitabu kilichokuwa mezani kwake, nikasema kwa kujiamini: "Can you borrow me this book?" Akanitazama kwa upole, akauliza: "From whom?" Kutoka kwa nani? Nikadhani ananinyima kwa kejeli, nikaondoka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba aliuliza swali la haki kabisa. Kwa masikio yake nilikuwa nimemtuma: nenda kwa mtu fulani ukaniazimie kitabu hiki. Na kitabu ni chake.

Kwa hiyo kwa jozi hii achana na azima, tumia "kopa" na "kopesha". Kopa ni kupokea, kopesha ni kutoa, na hakuna Mswahili anayezichanganya. "Borrow" ni kopa, "lend" ni kopesha. Unachoomba kwa rafiki yako ni akukopeshe kalamu: "Please lend me your pen", au ukijisemea wewe, "May I borrow your pen?" Ukitaka kitu cha kushikia kumbukumbu, "borrow" imetokana na neno la kale lenye maana ya dhamana, na anayeweka dhamana ni yule anayechukua. Wamarekani wengi husema pia "loan me your pen" wakimaanisha "lend". Usishtuke ukiisikia, ila ukiandika, baki na "lend".

Na ili usidhani kuwa wao ndio wenye akili peke yao, tazama "rent". Mtu akisema "I rent a house", huwezi kujua ni mpangaji au mwenye nyumba mpaka aongeze "from" au "to", au aseme "rent out". Sisi tuna panga na pangisha, kodi na kodisha, na jambo limekwisha.

Umeshaona mkia gani umekuwa ukijirudia: kopesha, pangisha, kodisha. Ni kauli ya kutendesha, na ndiyo inayoitibu sentensi yako ya tatu. Ulitaka kusema "nikumbushe nimpigie simu". Kumbuka ni kazi ya kichwa changu mwenyewe. Kumbusha ni kukifanyia kazi kichwa cha mwenzangu. "Remember" ni kumbuka, "remind" ni kumbusha, kwa hiyo "Remind me to call her". Kuna na jambo la kuchekesha ndani ya kosa lako: "Remember me to her" ni Kiingereza sahihi, kina maana ya nisalimie. Anayeisoma sentensi yako anadhani unatuma salamu, halafu ghafla kunatokea simu.

Ukiushika mkia huu, utakusaidia mbali kuliko unavyodhani. "Learn" na "teach": jifunza na fundisha. Na angalia kwamba "jifunza" ina ji- ndani yake, nafasi ya mtu imeshajaa, ndiyo maana "he learned me English" haina pa kukaa. "Rise" na "raise": inuka na inua, panda na pandisha, jua "rises", mkono unau-"raise". Kisha inakuja jozi inayowatoa jasho hata wenyewe, "lie" na "lay". Wanaokosea hapa, wakiwamo waliozaliwa na lugha hiyo, ni wengi ajabu, na Mswahili hana sababu ya kuwa mmoja wao, kwa sababu ni lala na laza, basi. Mtu "lies" kitandani. Mama "lays" mtoto kitandani. Kuku naye "lays" mayai, anayalaza.

Mtego uko kwenye wakati uliopita. Lala ya jana ni "lay": "yesterday I lay in bed all day". Laza ya jana ni "laid": "she laid the child on the bed". Yaani umbo la jana la neno la kwanza ni sawasawa na umbo la leo la neno la pili, na hapo ndipo vurugu yote inapozaliwa. Halafu kuna "lie" nyingine kabisa, ya kusema uongo, ambayo jana yake ni "lied". Ukiona "lay", usiulize kwanza maana yake ni nini. Uliza kama kuna kitu mbele yake kinacholazwa. Hakuna? Basi ni mtu aliyelala, na ilikuwa jana.

Jozi hizi si bahati. Kiingereza cha kale kilikuwa na njia yake ya kutengeneza vitenzi vya kutendesha kwa kubadilisha sauti ya ndani ya shina, kisha njia hiyo ikafa na mazao yake yakabaki yametawanyika. "Sit" na "set" ni keti na ketisha. "Fall" na "fell" ni anguka na angusha. Mkata miti "fells a tree". Na ninayoipenda kuliko zote: "drink" na "drench", nywa na nywesha. Leo "drench" kwa watu wengi ni kulowesha chapachapa, lakini wanaotibu mifugo bado husema "drench" wakimaanisha kumnywesha mnyama dawa. Sisi mkia wetu bado uko hai, tunaubandika hata kwenye neno lililoingia jana. Wao wamebaki na magofu.

Lakini sasa nikuonye, kwa sababu ukitoka hapa unaamini Kiswahili kitakutoa kila mahali, kesho utaandika "explain me this word". Kiswahili kinaruhusu: nieleze neno hili. Kinaruhusu pia nipendekezee, nifungulie, nisomee. Kauli yetu ya kutendea ni ya ukarimu mno, inampokea mtu kwenye karibu kila kitenzi. Kiingereza kinachagua wageni. "Give me", "show me", "send me", "tell me" zinakubali mtu moja kwa moja. "Explain", "suggest", "describe" zinakataa, lazima umpitishie mtu kwenye "to": "explain this word to me". Mara nyingi yanayokataa ni maneno marefu yenye asili ya Kilatini, na yanayokubali ni mafupi ya kienyeji. Hata hivyo usiiapie, kwa sababu "promise me" inakubalika na ina asili ya Kilatini, na "say" ni ya kienyeji lakini tumeiona ikikataa. Mkia wako wa -ia ukikutana na neno usilolijua, ugeuze kuwa "to" au "for" na mweke mtu nyuma: nifungulie mlango, "open the door for me". Njia hiyo ya nyuma haikuangushi mara nyingi.

Kuna mahali pengine ambapo mkia haukusaidii hata kidogo, napo ni "sikia". Kwa "hear" na "listen" utakwenda vizuri: sikia na sikiliza. "I heard him but I wasn't listening" ni nilimsikia ila sikuwa namsikiliza, hata mtoto anaona tofauti. Kumbuka tu kwamba "listen" hudai "to" kabla ya kinachosikilizwa. Tatizo ni kwamba sisi tunasikia mambo mengi mno. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, baridi, maumivu, uchungu, na mzazi akimaliza kuonya anauliza "umesikia?" huku anataka kujua kama utatii. Kiingereza kimeigawa kazi hii vipande vipande. Masikio peke yake ndiyo "hear". Pua ni "smell". Baridi na maumivu ni "feel", na njaa wala si kitenzi, ni hali: "I am hungry". Kuelewa kwao kumehamia kwenye macho, wanasema "I see". Hapa hakuna ujanja wa viambishi. Jiulize ni kiungo gani cha mwili kinachofanya kazi, kisha chagua.

Kwa macho, haraka: "see" ni ona, "look at" ni tazama, na "watch" ni tazama kitu kinachosogea au kinachoweza kubadilika wakati wowote. Picha ukutani unai-"look at", mchezo unau-"watch".

Sasa kazi yako ya nyumbani. "I made my homework" ilipaswa kuwa "I did my homework", na hapa Kiswahili kizima hakiwezi kukuokoa, kwa sababu ni fanya pande zote mbili, bila mkia wowote. Utaambiwa kwamba "make" ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwapo, na "do" ni kushughulika na jambo. Ni kanuni inayovuja. Unaifuata vizuri kwenye kiti na nguo, kisha unakutana na "make a decision", "make a mistake", "make a call" upande mmoja, na "do business", "do harm", "do your best" upande wa pili, na hakuna fundi atakayekuonyesha kwa nini uamuzi unatengenezwa na madhara yanashughulikiwa. Maneno yamezoeana tu.

Kama hilo linakukera, hebu jiweke mahali pa mgeni anayejifunza Kiswahili. Tunapiga ngoma, sawa. Kisha tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga chafya. Mgeni anakuuliza: simu imekosa nini mpaka ipigwe? Nawe huna jibu. Akikuambia "nitafanya simu" utamwelewa, na utatabasamu. Wewe hukuwahi kujifunza orodha ya piga. Kila neno ulilipokea likiwa na mwenzake limeshikana mkono. Basi na "make" na "do" zipokee hivyo. Kwenye daftari usiandike "make" ni fanya. Andika "make a mistake" yote kwa pamoja, kosea. "Do homework" yote kwa pamoja.

Kuhusu kamusi, hiyo uliyonayo usiitupe, utaihitaji kila siku kwa maneno ya vitu: mnyama, chombo, ugonjwa. Kwa vitenzi ongeza ya pili, ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kamusi za namna hiyo zinamdai shukrani Mwingereza A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani na kuona wanafunzi wake wakianguka kwenye shimo hilihili lako: maana wanaijua, sentensi haisimami. Yeye na wenzake wakatoa Tokyo, mwaka 1942, kamusi iliyoonyesha kila kitenzi kinataka nini mbele yake, na mwaka 1948 ikachapishwa tena na Oxford. Zinazouzwa leo zimefuata nyayo hizo.

Ukiifungua utakuta vifupisho viwili vidogo ambavyo wengi huviruka: "sb", ambacho ni mtu, na "sth", ambacho ni kitu. Usiviruke, hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya viambishi vyetu. Nenda kwenye "tell", utaona "sb" imekaa mara tu baada ya kitenzi. Nenda kwenye "say", utaona "sth" imetangulia na "sb" imewekwa nyuma ya "to". Nenda kwenye "remind", utakuta "sb" karibu kabisa na kitenzi, na kwenye "explain" utaikuta imesukumwa nyuma ya "to". Anza na hizo nne leo jioni, kabla hujasoma maana hata moja.